Mzinga, Kikopo na Kilimia cha Mzee Akonaay

Vijana wangu wa kazini, siku ya kuniaga mlinipa blanketi, mkanipa na kipaza sauti, kisha mkaniomba niwaachie neno la hekima. Nikasema Mungu awabariki, nikaketi, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Tangu siku hiyo dereva mwenzenu Neema amenikumbusha mara tatu kwamba sikusema kitu. Basi naandika. Sitaandika jinsi nilivyopanda cheo, maana hiyo ni habari fupi sana. Nitaandika habari ya kuchagua lenzi ya kupigia picha nyota, kwa kuwa katika miaka yote niliyoendesha watalii kati ya Karatu na Ngorongoro, hakuna jambo nililolikosea kwa uhakika mkubwa kama hilo.

Nilianza kazi nikitokea chuo cha Biblia. Nilisoma miaka miwili niwe mwinjilisti, na nilichojifunza vizuri kuliko vyote ni kuendesha gari la misheni, kwa sababu mwalimu wetu wa mahubiri aliogopa tope. Mungu ana njia zake. Nilipopata kazi ya udereva Karatu wenzangu waliniita Mwalimu, na jina hilo sijalivua hadi leo, ingawa lilinipwaya tangu asubuhi ya kwanza.

Asubuhi hiyo niliwekwa chini ya Mzee Akonaay, dereva mkuu, mwenyeji wa Qurus. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye macho yaliyoona sikio la simba kabla wageni hawajaona nyasi. Sheria yake kubwa ilihusu picha: ukisimama, zima injini, kisha uzime na mwili wako.

"Usitikise gari," aliniambia. "Mgeni ametoka mbali. Wewe ukijikuna, simba wake anapata vichwa viwili."

Alinionyesha pia kifuko cha kitambaa kilichojaa maharage, kile tunachoweka kwenye ukingo wa paa ili lenzi ya mgeni itulie juu yake. Cha kwangu nilikishona mwenyewe, nikakijaza maharage mabichi ya shambani kwetu, na mvua za kwanza zilipoingia kikaota. Mgeni mmoja alikipiga picha nyingi kuliko tembo.

Mchana wa siku hiyo ya kwanza, ndani ya kreta, niliona kifaru. Nilikuwa wa kwanza kumwona, nami sikunyamaza. Nilisimamisha gari, nikatoa maelezo marefu juu ya kifaru mweusi, uhaba wake na wema wa Muumba. Wageni walipiga picha kwa robo saa nzima. Mzee Akonaay, aliyekuwa amekaa kando yangu, alisubiri hadi nikamaliza, akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, kifaru wako hapumui."

Lilikuwa jiwe. Mpaka leo kuna nyumba fulani huko mbali yenye picha yake ukutani.

Niwaambie pia juu ya ugonjwa ulionipata baadaye, kwa maana bado unaambukiza hapo kwenye egesho letu. Ni ugonjwa wa kuheshimu urefu. Sisi madereva tuliwapima wageni kwa lenzi zao. Mwenye lenzi fupi tulimpa maji na tabasamu. Mwenye lenzi ndefu kama mkono, zile za kuvuta mbali tulizoziita mizinga, tulimfungulia mlango, tukamwita bosi, tukawasogeza wengine pembeni ili gari lake likae mbele ya duma. Kwa miaka mingi sikuwahi kuuliza kama picha zake zilikuwa nzuri. Nilikuwa mzee wa kanisa, nahubiri kwamba Mungu hatazami sura ya nje, kisha Jumatatu napanga magari kwa urefu wa lenzi.

Kuhusu kuhubiri, nikiri moja lingine, maana habari hii inalitegemea. Jumapili moja nilipewa zamu ya mahubiri, nikachagua lile andiko ambamo Mungu anamwuliza mtu kama aweza kukifunga Kilimia. Nilihubiri kwa nguvu. Nilisema, "Wapendwa, kitazameni Kilimia, kile pale!" nikanyoosha kidole. Baada ya ibada Mzee Akonaay alinisubiri nje, kofia mkononi.

"Mwalimu, neno limetubariki. Ila ulionyesha kusini, kwenye ofisi ya mchungaji. Kilimia hakijawahi kukaa huko."

Ndipo alipogundua kwamba sikujua hata ni nyota zipi. Nilikuwa nimesoma jina. Yeye alikuwa ameonyeshwa na baba yake, shambani Qurus: kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana kama kuku wanaoogopa mwewe. Kikianza kuchomoza mashariki mapema jioni, baba yake alitoa majembe na kuyatazama mipini. Mzee alistaafu miaka mingi kabla yangu, akarudi kwenye maharage na ng'ombe wake, nami nikaendelea kuhubiri, lakini kuanzia siku hiyo mikono yangu niliiweka mfukoni.

Miaka ya karibuni wakaanza kuja wageni wa aina nyingine. Hawa hawakutaka simba. Walilala mchana, wakaamka wakati sisi tunafumba macho kwa sala ya jioni, wakaomba taa za loji zizimwe ili wapige picha nyota. Mimi niliwapeleka, nikajifunika koti, nikalala kwenye usukani. Neema, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe, alikaa nje na baridi yote na kuwauliza maswali. Kama mnajiuliza ni wapi mwanafunzi alimpita mwalimu, ni hapo, na mwalimu alikuwa anakoroma.

Bibi mmoja, mgeni wetu wa siku nyingi, alikuja mara ya mwisho mwaka mmoja kabla sijastaafu. Magoti yake yalikuwa yamekataa safari. Asubuhi ya kuondoka alituita mimi na Neema mezani, akaweka lenzi mbili juu ya kitambaa. Zote ziliingia kwenye kamera tulizokuwa nazo mimi na Neema. Moja ilikuwa mzinga hasa, ndefu kama thermosi ya familia, imeandikwa mia sita. Nyingine ilikuwa fupi na nene, imeandikwa mia moja thelathini na tano.

"Chagueni," alisema. "Mkubwa aanze."

"Muulize kwanza, Mwalimu," Neema akaninong'oneza. "Kila moja ina kazi yake."

"Niulize nini? Macho ninayo."

Kila lenzi ilikuwa pia na namba ya pili, ile ya dirisha la kupitishia mwanga. Mzinga ulikuwa na sita na ushee, ile fupi ilikuwa na mbili. Sikujua kwamba namba ikiwa ndogo ndipo dirisha linapofunguka zaidi. Nilijua kwamba sita ni kubwa kuliko mbili. Kwa hiyo hata hesabu ilikuwa upande wangu. Nilichukua mzinga. Neema akachukua ile fupi kwa mikono miwili na kushukuru, nami nikampa pole mbele ya madereva wote.

"Usijali, binti yangu. Kikopo nacho kinafaa. Utawekea maziwa."

Walicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mwezi niliostaafu, mwezi wa kwanza wa mwaka, nilikwenda Qurus kumsalimu Mzee Akonaay. Nilimkuta mlangoni kwake akichambua maharage kwa vidole. Nilisimama mbele yake, akainua uso, akautafuta uso wangu kama mtu anayetafuta tundu la sindano.

"Ni presha ya macho," alisema. "Daktari amenipa dawa ya matone. Anasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza kuondoka. Nachungulia kama kwenye tundu la ufunguo, Mwalimu. Pua yako naiona. Masikio yako siyaoni, wala sioni hasara."

Nikacheka kwa kuwa yeye alicheka. Kisha akaweka ungo chini.

"Mchana, kwenye mwanga, bado nasoma kitabu cha nyimbo. Lakini jioni natoka, nainua kichwa, giza tupu. Nyota hazinifikii tena. Nataka kukiona Kilimia mara moja kabla tundu halijaziba. Wewe una ule mzinga, nimesikia unavyojisifu. Nipigie picha nzuri, niitazame hapa mlangoni, kwenye jua."

"Nitakuletea, Mzee."

"Iwe kabla ya masika. Mawingu yakishaingia, yatakapoondoka Kilimia nacho kitakuwa kimekwenda na jua. Cha mwakani sijui kama nitakuwa na jicho la kukipokea. Na usianze kuniombea hapa hapa. Piga picha kwanza."

Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kuona. Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni, lakini, Mungu anisamehe, na furaha kidogo pia: mzinga wangu ulikuwa umepata kazi.

Nilikwenda nao kwenye ukingo wa kreta, kwenye loji ambayo madereva wake ni rafiki zangu. Nilifikiri kwamba juu zaidi ni karibu zaidi. Mtu aliyefundishwa habari za mnara wa Babeli angepaswa kushtuka. Ukungu wa pale mnaujua. Siku mbili sikuona hata paa la gari langu. Siku ya tatu, kama saa mbili usiku, ulifunguka, na Kilimia kilikuwa juu upande wa kaskazini. Nilipanda juu ya gari, nikaweka kifuko cha maharage, nikaweka mzinga juu yake na kuuelekeza mbinguni, yaani nilifanya kama ninavyofanya kwa simba. Lakini simba hakai juu ya utosi wako. Ilinibidi nilale chali, shingo imekunjika, nikiushikilia mzinga kwa kidevu.

Nilikuwa nimesikia kwamba nyota zinataka muda mrefu wa kuchukua mwanga. Sikuwa na saa yenye taa, basi nilipima kwa sala: nafungua kamera, nasema Baba Yetu yote, polepole na kwa heshima, nafunga. Nilisali hivyo mara kumi na mbili. Kwa sala sina majuto.

Kesho yake nilimwonyesha Neema kwenye egesho. Aliitazama kamera, akaigeuza, akanitazama.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Hizi ni nyota au tambi?"

"Ni Kilimia."

"Kimepikwa?"

Kila nyota ilikuwa imekuwa uzi mrefu uliotetemeka. Akanieleza pale pale, kwa upole uliozidi stahili yangu. Nyota hazitulii kama simba mwenye shibe. Dunia inageuka, na anga lote linapita mbele ya lenzi. Kadiri lenzi inavyovuta karibu, ndivyo inavyoukuza na huo mwendo. Mzinga wangu, bila mashine ya kuizungusha kamera pamoja na anga, haukuweza kusubiri hata sekunde moja kabla nyota haijaacha mkia, na kwa dirisha lake dogo muda huo usingeingiza mwanga wa kutosha. Tena gari lina springi, na juu yake alilala mzee anayesali.

Mwezi wa pili ulikuwa unaanza.

"Basi naomba kikopo," nikasema.

"Kina jina."

"Neema, nakuomba."

"Madereva wako pale wanasikiliza, Mwalimu. Na siku ile walisikia."

Nikasema kwa sauti ya mahubiri kwamba naomba msaada wa lenzi ya dada Neema, na kwamba maneno niliyoyasema juu yake yalikuwa ya kipumbavu. Walipiga makofi. Nilistahili.

Neema hakunipa lenzi. Alinipa swali, na hili ndilo ninaloomba mlishike, maana wageni wengi wenye fedha zao hawajalifikia. Aliuliza ni nani atakayeitazama picha, na anataka kuona nini ndani yake. Nikajibu Kilimia. Akauliza, peke yake? Sikujua. Akampigia simu Mzee Akonaay, akaweka sauti juu.

"Peke yake nitakijuaje?" sauti ya mzee ikatoka. "Nyota bila majirani zake ni kama picha ya kitambulisho, anaweza kuwa mtu yeyote. Weka na ile nyekundu iliyo karibu nacho. Mimi huanzia kwenye nyekundu, kisha naenda."

"Umesikia?" Neema akaniambia. "Mzinga wako hauwezi kuzishika zote mbili. Ukiiona moja, nyingine iko nje ya mlango. Lenzi yangu inazishika, moja kona hii, nyingine kona ile."

Hatukwenda ukingoni. Tulikwenda Endabash, kwa shangazi yake, ambako ni kukavu na anga ni jeusi. Kamera iliwekwa kwenye stendi ya miguu mitatu, chini, ardhini, na gari likaachwa mbali kama mtu aliyefungiwa ushirika. Kifuko changu cha maharage kilining'inizwa katikati ya stendi ili kuipa uzito. Nilifarijika kwamba mmoja wetu alikuwa na faida. Neema alizungusha pete ya lenzi huku akiitazama nyota nyekundu kwenye kioo cha kamera, mpaka ikawa nukta ndogo kabisa. Hakuizungusha mpaka mwisho. Alisema mwisho wa pete umepita ukweli kidogo, kama wahubiri wengine. Kisha akaifunga kwa plasta ya kidonda isisogee. Ili umande usiivamie lenzi, shangazi alikaanga punje za mahindi bila mafuta, akazimimina kwenye soksi ndefu ya sufu, na Neema akaivisha lenzi soksi hiyo ya moto kama kitambaa cha shingoni. Baadaye tulizitafuna zile punje. Sikuuliza soksi ilikuwa ya nani.

Muda wa kila picha ulikuwa sekunde mbili. Nilijaribu kupima kwa desturi yangu: ukisema "Baba yetu uliye mbinguni," zimekwisha. Tulipiga picha mia tatu ili kompyuta izipange pamoja ziwe moja. Kwa hiyo nilianza sala mara mia tatu bila kufika kwenye amina, na ile amina moja niliyoitoa mwishoni ilikuwa ya zote.

Picha ilipokuwa tayari nililia kidogo. Kwenye kona moja ile nyekundu, kwenye kona nyingine Kilimia, vumbi la nyota katikati. Nikasema, sasa kazi ya kuchapisha niachieni mimi, mzee wangu ni mgonjwa wa macho, anahitaji kitu kikubwa. Nikachapisha picha yenye ukubwa wa mlango. Mnaona kwamba ule ugonjwa ulikuwa haujaniacha. Ulikuwa umehama tu, umetoka kwenye lenzi ukaingia kwenye karatasi. Neema aliniacha nifanye. Nadhani alichoka kunirekebisha.

Tulifika Qurus saa kumi jioni, anga bado wazi, ingawa mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kukaa upande wa mashariki, chini. Mimi na Neema tuliinyoosha ile picha mlangoni, kila mmoja upande wake. Mzee Akonaay alisogeza uso mpaka pua ikagusa karatasi. Alianzia juu, akaenda kulia, akarudi, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea kwenye pori kubwa.

"Nyeusi," alisema. "Nyeusi. Hapa nukta. Nyeusi tena."

"Rudi nyuma kidogo, Mzee."

Akarudi hatua moja. Akajaribu tena, mkono wake ukipapasa karatasi. Kisha akashusha mkono.

"Mwalimu, umeniletea kitu kikubwa mno. Mzinga wako ninao mimi humu machoni. Naona padogo, basi. Nikiiona nyekundu, Kilimia kiko nje ya mlango."

Nilishikilia upande wangu wa karatasi. Kwamba anachungulia kama kwenye tundu la ufunguo alikuwa ameniambia mwenyewe, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mimi nilicheka. Maisha yangu yote nilikuwa nikitafuta kirefu na kikubwa, na sasa nilikuwa nimempotezea mtu huyu Kilimia chake.

Neema aliachia upande wake, picha ikajikunja yenyewe. Alifungua kitabu chake cha nyimbo, akatoa picha ndogo kama kiganja. Ilikuwa ya majaribio, aliyochapisha kwanza kuona kama weusi umekaa sawa.

"Babu, jaribu hii. Nyoosha mkono mpaka mwisho."

Mzee aliishika kwa vidole viwili, akaigeuzia jua, akanyoosha mkono. Midomo yake ikaanza kusogea.

"Nyekundu," alisema. "Sasa naenda hivi... naenda... Ah."

Ng'ombe alilia zizini, hakuna aliyegeuka.

"Moja. Mbili. Tatu, hii imejificha. Nne, tano. Sita."

"Ziko nyingi zaidi, Babu," Neema akasema taratibu. "Kompyuta imezitoa hata zile zisizoonekana kwa macho."

"Hizo ni zako, mama, Mungu akuzidishie. Mimi nimefuata hizi sita. Ni hizi hizi." Akaitazama tena, muda mrefu, akaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo. Halafu akanigeukia.

"Mwalimu. Sasa hivi, na jua hili, Kilimia kiko wapi?"

Niliona anakumbuka ile Jumapili. Neema alikuwa ananitazama. Nilikumbuka kilipokuwa usiku ule wa Endabash, nikarudisha saa nyuma kichwani, nikatoa mkono mfukoni, nikaunyoosha mashariki, juu ya paa la zizi, nikauacha hapo ukitetemeka kidogo.

Mzee Akonaay alinikaribia. Akapapasa bega langu, akafuata mkono mpaka kwenye kifundo, akaushika, akausogeza kushoto kidogo, akaupandisha kidogo.

"Hapo," alisema. "Tulia sasa. Usitikise gari."